Sauti Iliyopelekwa kwa Namba Kumi

Jumamosi mbili mfululizo simu ya mezani ilikuwa imeita saa nne kamili asubuhi, na Jumamosi zote mbili aliyeunyanyua mkono wa simu hakusikia kitu. Si mkwaruzo, si pumzi, si hata ule mvumo wa mbali unaokuonyesha kwamba kuna mtu. Kimya kitupu, utadhani umeweka sikio kwenye kiatu.

La kuudhi zaidi ni kwamba aliyepiga alikuwa akiwasikia. Mama Kifungo alilijua hilo kutokana na barua ya mumewe iliyofika Jumatano. "Nawasikia wote, kila neno," aliandika. "Nilimsikia Mama akiniuliza kama nimekatwa ulimi. Nilimsikia Kifungo akilia. Nilikuwa nawajibu, mke wangu. Niliwajibu mpaka koo likakauka na wenzangu kwenye foleni wakaanza kunionea huruma."

Mume huyo alikuwa fundi wa mashine za kuchimba visima, na kambi yao ilikuwa mahali ambapo simu ya mkononi ni ya kutazamia saa tu. Ofisi ya kambi ilikuwa na simu moja iliyopitia kwenye mtandao, na kila mfanyakazi alipewa dakika kumi na tano kwa wiki, basi. Kwa ajili hiyo Mama Kifungo naye aliweka simu ya aina hiyohiyo sebuleni. Aliiweka kwa mikono yake. Alikuwa na miezi saba katika darasa la jioni la mitandao ya kompyuta, anakwenda akiwa amemwachia bibi mtoto, anarudi na daftari limejaa mishale, na siku ile lilipotajwa suala la kumwita fundi alisema mbele ya wakwe zake wote wawili, "Fundi wa nini? Mimi nipo."

Jumamosi tatu za kwanza mambo yalikuwa shwari. Kifungo, ambaye alizaliwa mdogo kiasi kwamba babu yake alisema wameagiza shati wakaletewa kifungo, alikuwa sasa ametimiza mwaka na miezi miwili. Baba yake alipokuja likizo ya wiki moja, mtoto alimlilia siku sita. Siku ya saba ndipo alipokubali kupakatwa, na siku ya nane baba akafunga begi akaenda zake. Lakini sauti ya kwenye simu ilimnasa. Kufikia Jumamosi ya tatu alikuwa akisikia tu "Kifungo cha baba!" anacheka mpaka miguu inamwishia nguvu, anakaa chini pwaa. Halafu kimya kikaingia. Jumamosi iliyopita alipopewa mkono wa simu aliusikiliza kidogo, akautazama, akautupa sakafuni kwa hasira kama mtu aliyepewa kiberiti kisicho na njiti.

Barua ilikuwa na jingine. Jumatatu kambi inahamia ng'ambo ya vilima, na simu ya ofisi haiendi nayo. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo ni miezi miwili bila sauti, kisha baba anarudi nyumbani.

Mama Kifungo aliisoma barua hiyo jikoni akiwa amesimama, akairudia. Miezi miwili kwa mtoto wa umri ule ni kama miaka kumi kwa mtu mzima. Mtu atakayeingia mlangoni na begi lake, amenyoa, ana zawadi mkononi, atapokelewa kwa mayowe. Uso wa mumewe zile siku sita alikuwa ameuona: anacheka, anasema si kitu, kisha anatoka kwenda kutazama ukuta wa uani ambao hauna cha kutazamwa. Hakutaka kuuona uso huo mara ya pili.

Basi Jumamosi hiyo saa tatu na nusu alikuwa tayari kazini. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa juu ya ubao wa kupigia pasi, kwa kuwa meza ilishatawaliwa na sare za shule alizokuwa akizishona mama mkwe. Simu ilikuwa kwenye kigoda karibu yake. Juu ya kabati la vyombo kilikaa kile kisanduku cheusi chenye taa nne za kijani, yaani ruta, ambayo vitu vyote vya mtandao mle nyumbani vilipitia kwake kwenda nje na kurudi. Kifungo alikuwa chini ya ubao wa pasi na kipande cha mkate.

"Leo itasema au itanuna?" mama mkwe aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Alikuwa mshonaji, na aliweza kugombana, kusali na kuhesabu kwa wakati mmoja bila mshono kwenda upogo.

"Itasema, Mama."

"Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo."

"Wiki iliyopita nilikuwa nabahatisha. Leo natazama."

"Mwache mkwe wangu," alisema baba mkwe kutoka kwenye kiti chake. Mtaani walimwita Mzee Stempu, kwa sababu alichambua barua posta miaka thelathini na mmoja, na kustaafu hakukumtoa posta kichwani. Tangu ruta ilipowekwa alikuwa ameipenda kama mfanyakazi mwenzake. "Hii kazi yake ni kazi yangu mimi. Nyumba nzima ina anwani moja tu inayojulikana huko nje, kama sanduku la posta la ukoo. Barua za wote zinaingia sanduku moja. Sasa pale ndani ya kisanduku kuna karani. Anatazama hii ya nani, anaigeuza anwani, anaandika namba ya chumba, anaipeleka. Kweli si kweli, Mama Kifungo?"

"Kweli kabisa, Baba. Hata mwalimu hajaieleza vizuri hivyo."

"Unaona!" Mzee Stempu alimwambia mkewe.

"Na ule ukuta wa moto mnaousema kila siku?" mama mkwe aliuliza. "Ule wa nini?"

"Huyo ni askari getini," mzee alijibu upesi, kabla hajaporwa zamu. "Asiyetarajiwa haingii."

"Basi askari ndiye anayemzuia mwanangu. Mfukuzeni."

Mama Kifungo alicheka, ingawa moyoni kulikuwa na kamchanga. Hilo la kumfukuza askari alishalifanya. Jumamosi iliyopita, simu ikiwa hewani, aliuzima ukuta wote, nyumba ikabaki wazi kama soko, na kimya kikabaki palepale. Kabla ya hapo alibadilisha waya. Aliwapigia kampuni ya simu, wakamwambia kwao kila kitu ni salama, kwa sauti ile ya mtu anayekunywa chai. Alhamisi alipomsimulia mwalimu wa darasa la jioni, mwalimu alishika kichwa. "Unazima ukuta ili usikie? Mama Kifungo, wewe! Tazama kwanza, ndipo ushike." Kisha akamwonyesha namna ya kuiamuru ruta iandike kila kinachobisha hodi kutoka nje: kimefika saa ngapi, kimetoka wapi, kimeruhusiwa au kimekataliwa, kimepelekwa kwa nani. Ila kuna sharti moja. Uandishi huo unafaa wakati simu iko hewani tu. Bila mtu kubisha, karani hana cha kuandika.

Saa nne kamili simu ikaita.

Mama Kifungo alibonyeza kitufe cha spika ili wote wasikie. Kimya. Kioo kidogo cha simu kilionyesha kwamba mtu yuko, sekunde zinahesabika, moja, mbili, tatu.

"Baba Kifungo," alisema, "najua unatusikia. Sisi bado hatukusikii. Wiki iliyopita ulipokuwa unabonyezabonyeza vitufe kwa hasira, namba zilitokea kwenye kioo chetu. Zenyewe zinapita njia nyingine, kwa kampuni. Kwa hiyo fanya hivi: moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Umenielewa?"

Kioo kilimeta. Ikatokea *1*.

"Ee!" mama mkwe aliacha cherehani. "Ni yeye huyo? Mwanangu, umekula?"

*1*.

"Unavaa soksi ulizopelekewa?"

Kioo kikakaa kitupu kidogo. *2*.

"Nilijua! Nilijua tu!"

"Mama Chanuo, tuache soksi," Mzee Stempu alimwambia mkewe kwa jina la ujana wao. "Dakika zinakwenda."

Mama Kifungo alikuwa ameshainamia kompyuta. Mistari ilikuwa inashuka kwenye kioo chake, mmoja baada ya mwingine, kwa kasi ya mtu anayeongea bila kupumua. Na kweli alikuwa anaongea. Kila mstari ulikuwa kipande kidogo cha sauti ya mumewe, kimefika hadi juu ya kabati la vyombo, hatua tano kutoka alipokaa. Aliisoma kwa sauti, akiitafsiri, ili akili yake imsikie.

"Sauti, kutoka nje, imeruhusiwa. Sauti, kutoka nje, imeruhusiwa. Imeruhusiwa. Imeruhusiwa… Baba, ukuta hauzuii kitu. Askari anafungua. Anafungua kila mara."

"Basi inaingia?"

"Inaingia! Imo humu ndani!" Aliitazama sebule kama vile angeiona sauti imekaa mahali, labda juu ya pazia. "Kama imeruhusiwa, mbona hatuisikii? Imeruhusiwa, imeruhusiwa…" Alirudia kuupekua ukurasa wa ukuta, sheria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote ziko sawa. Dakika ya tano ilikuwa imepita. Chini ya ubao, Kifungo alikuwa akiimba wimbo wake wa herufi moja.

Mzee Stempu aliinuka. Alivaa miwani, akaja kusimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama alivyosimama miaka yote nyuma ya makarani vijana.

"Unasoma kuanzia wapi, mwanangu?"

"Mwanzo wa mstari, Baba."

"Ndiyo maana. Bahasha haisomwi hivyo. Mchambuzi wa barua anaanzia chini, mstari wa mwisho, kwa sababu pale ndipo inapokwenda. Huko juu ni majina na heshima tu, atayasoma mwenyewe barua ikimfikia. Nisomee mwisho."

Alitupa macho mwisho wa mstari. "Imepelekwa kwa kumi."

"Na unaofuata?"

"Kumi. Kumi. Yote kumi."

"Kumi," Mzee Stempu alirudia. Aliigeukia karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kabati, ile yenye orodha ya vitu vyote vya nyumba na namba zao. Alinyoosha kidole. "Lakini kumi si mimi?"

Mama Kifungo hakuhitaji kuitazama karatasi.

Alikumbuka vizuri kabisa. Siku alipoiweka simu aliipa namba kumi, kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza alichokipanga, na akamwachia karani wa ruta agizo: sauti zote zinazoingia kutoka nje zipelekwe kwa kumi. Wiki tatu baadaye akaandika orodha kwa mwandiko mzuri, akaibandika. Baba mkwe akaja akaisimamia, mikono mgongoni, muda mrefu. Kisha akasema, "Naona simu imekaa mbele yangu. Si neno. Imetoka mbali." Alisema akitabasamu, na huenda ulikuwa utani mtupu. Lakini mkwe aliyelelewa akalelewa hawezi kulala na jambo kama hilo. Mchana huohuo alizipanga upya namba zote kwa ukubwa: redio ya mtandao ya baba mkwe kumi, simu ya mkononi ya mama mkwe kumi na moja, na kuendelea hivyo kwa kila mtu na chake, hata kompyuta yake yeye mwenyewe ikawa kumi na tatu. Simu ya mezani, mgeni wa mwisho kuingia nyumbani, ikaangukia kumi na tano. Kila kitu kilipata nafasi yake. Agizo kwa karani tu ndilo aliloacha kulibadilisha, kwa kuwa lilikuwa ukurasa mwingine, na siku hiyo mtoto alikuwa analia.

"Baba," alisema taratibu, "sauti yake inapelekwa kwenye redio yako."

"Redio yangu ipi? Ile ya chumbani?"

"Hiyohiyo. Jumamosi zote mbili, na leo."

Mzee Stempu alitazama upande wa chumbani kwake. "Na haikusema kitu."

"Haijui la kufanya nayo, Baba. Inapokea, inatupa."

"Inatupa!" Hilo lilimuuma mtu wa posta kuliko yote. "Barua ya mtu?"

Mama mkwe alikuwa amejishika mbavu. Alicheka mpaka sindano alizobana mdomoni zikamlazimu azitoe moja moja. "Wiki mbili namgombeza mwanangu wa watu, namwita bubu, kumbe ni ukubwa wako, Mzee! Hata na namba unataka uamkiwe!"

"Mimi nilitania!"

"Mkweo hakucheka, alitii!"

Kwenye kioo cha simu zilitokea namba kwa mfululizo: *5 5 5 5 5*. Hawakuwa wamekubaliana maana ya tano, lakini wote walielewa kwamba huko kambini kuna mtu anacheka.

Mama Kifungo alikuwa ameshafungua ukurasa wa maagizo. Alifuta kumi, akaandika kumi na tano, akabonyeza. Ruta ikakubali, halafu ikamletea maneno mapya. Aliyasoma mara mbili.

"Nini tena?" mama mkwe aliuliza.

"Inasema agizo litaanza kufanya kazi ikizimwa na kuwashwa. Ni dakika tatu. Na simu itakatika."

Kicheko kikafa. Wote walikuwa wameshasimuliwa, katika zile Jumamosi njema, jinsi karani wa kambi alivyo: ukikata umekata, unakwenda mwisho wa foleni. Kuna mwashi mmoja ambaye simu yake ilikatika kwa bahati mbaya, akarudi nyuma, na saa sita ofisi ikafungwa kabla hajafikiwa.

"Usizime," alisema mama mkwe. "Zimebaki dakika ngapi?"

"Saba."

"Basi azisikie hizo saba. Atusikie tunacheka, amsikie mtoto. Ndege mkononi huyo, utamwachia?"

"Zikatwe," alisema Mzee Stempu. "Karani akishajua amekosea chumba, hapeleki nyingine kulekule."

"Wewe nyamaza, wewe ndiye chanzo!"

Mama Kifungo aliuvuta mkono wa simu karibu, ingawa spika ilitosha. "Baba Kifungo, umesikia. Nizime?"

Kioo kilijibu haraka. *2*. Na tena, *2*.

Alimwelewa. Yeye huko alikuwa na sauti zao zote, dakika saba za nyumbani za kwenda nazo ng'ambo ya vilima, na nani angezitoa kwa bahati nasibu? Lakini alimtazama Kifungo chini ya ubao, anajaribu kuutoboa mkate kwa kidole. Dakika saba hizo zilikuwa za baba peke yake. Mtoto hakuwa na hata moja.

"Nisikilize," alisema. "Wewe unatusikia, utabaki na sisi. Huyu hana chochote chako. Ukirudi atakulilia tena, na mimi nilikuona ulivyokuwa. Kosa nimeliona kwa macho yangu, si kubahatisha kama wiki iliyopita. Nimelirekebisha. Najua simu ikikatika wanaweza kukurudisha nyuma. Najua. Lakini nataka kuzima. Unaniamini, au huniamini?"

Kioo kilikaa kitupu. Sekunde zilihesabika pembeni mwake. Mama mkwe alikuwa ameushika mkono wa mumewe bila kujijua.

*1*.

Hakungoja la pili. Alikwenda kwenye kabati, akachomoa waya wa ruta, akahesabu hadi kumi kama alivyofundishwa, akaurudisha. Taa zote nne zilikuwa zimezimika. Ikawaka moja, nyekundu. Ikageuka kijani. Ikafuata ya pili, inakonyeza. Ya tatu ilichukua muda wake kama bibi harusi. Ya nne ilipowaka, Mama Kifungo alirudi kwenye kompyuta akakagua: ukuta umesimama, agizo linasema kumi na tano, simu ya mezani ndiyo kumi na tano. Alikagua tena. Kila kitu mahali pake.

Simu haikuita.

Saa nne na robo ikapita. Dakika zake zimekwisha sasa, huyo aliyeko kwenye simu ni mtu mwingine. Saa nne na dakika ishirini. Mama mkwe alirudi kwenye cherehani akakalia kiti bila kushona. Mzee Stempu alikwenda chumbani, akarudi na redio yake kwapani, akaiweka mezani juu ya sare.

"Ya nini?" mkewe aliuliza.

"Ikae hapa tuione."

Mama Kifungo aliketi sakafuni na mtoto. Alikuwa akijiambia kwamba alichofanya ni sahihi, na wakati huohuo akijiona mjinga mkubwa, maana mtu anaweza kurekebisha kila kitu akabaki hana wa kumpigia. Simu ya kambi haikupigika kutoka nje, ilipiga tu. Hakukuwa na la kufanya. Alimfuta Kifungo pua. Alimfunga kamba ya kiatu kisichohitaji kufungwa.

Saa tano kasoro dakika kumi na mbili, simu ikaita.

Alijigonga kichwa kwenye ubao wa pasi akiikimbilia. Alibonyeza spika, na kabla hajasema neno, sebule ilijaa sauti nzito, yenye mafua kidogo, ikisema kwa haraka, "Haloo? Haloo? Mnanisikia? Bonyezeni mo… aa, nyie hamna haja ya kubonyeza. Mnanisikia?"

"Tunakusikia!" walijibu wote watatu kwa pamoja, hata redio ikatikisika mezani.

"Kweli? Nimesema nini?"

"Umesema haloo, mwanangu, haloo mbili!" Mama mkwe alikuwa analia na kucheka. "Una mafua! Soksi hizo!"

"Mama, nina dakika tano tu. Mchomeleaji amekatisha simu yake, akanipa dakika zilizobaki. Aliwasikia kwenye spika wakati mnabishana. Amesema nyumba kama hiyo haikatiwi simu. Baba, shikamoo!"

"Marahaba, marahaba. Barua zako zilikuwa zinanifikia," alisema Mzee Stempu kwa utulivu mkubwa, "ila sikuwa nimevaa miwani."

Mama Kifungo aliunyanyua mkono wa simu, spika ikanyamaza, akachuchumaa, akaubandika kwenye sikio la mtoto. Kifungo alikunja uso. Aliukumbuka huu mkono mwongo. Akaanza kuusukuma. Halafu kutoka ndani, ndogo, ya karibu, ikaja: "Kifungo! Kifungo cha baba!"

Mtoto aliganda. Aliuvuta mkono wa simu akautazama vitundu vyake, akachungulia kwa jicho moja. Akaurudisha sikioni. "Kifungo cha baba uko wapi?" Hakucheka safari hii, wala hakukaa chini. Aliinua kipande chake cha mkate kilicholowa, akakipeleka kwenye vitundu, akakisukuma kwa bidii, akimlisha aliyemo.

"Anakupa mkate," Mama Kifungo alisema karibu na simu. "Pokea."

"Mm!" sauti ikasema. "Mkate mtamu! Asante, Kifungo!"

Ndipo Kifungo akacheka. Alisukuma tena, akasikiliza asante, akasukuma tena. Bibi yake alijaribu kuomba zamu akapigwa kofi dogo la mkate. Dakika zilikwenda hivyo, na hakuna mtu mzima aliyekuwa na moyo wa kuzidai.

Ilipobaki moja ndipo mtoto alipomaliza mkate na kwenda kuutafuta mwingine, akiuachia mkono wa simu uning'inie. Mama Kifungo aliudaka. Ulikuwa umelowa na una chenga kila mahali. Aliuweka sikioni hivyohivyo.

"Uko?" mumewe aliuliza.

"Niko."

"Mbona hunisemeshi? Wiki zote hizi ulikuwa unasema mfululizo, leo umenyamaza."

"Mimi umenisikia vya kutosha," alisema, akiegemea kabati, akifumba macho. "Sema wewe. Chochote. Mimi nasikia."

Naye akaanza kumwambia habari za tope, za mpishi wa kambi, za kitanda kinacholia kila akigeuka.